Kompyuta ya Baba Imenyamaza Tena

11 Januari

Kwako mdogo wangu Waya,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko ndani ya mlima wenu. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Nimepata kazi ya kushona sare za shule na vidole vimejaa matundu ya sindano, lakini simlalamikii mtu, ndiyo riziki. Paa la jikoni nimelizibisha. Yule paka wako mwizi amezaa tena, na kati ya nyumba nzima akaona pa kuzalia ni ndani ya kapu la vitambaa vya mteja, tena mteja mwenyewe mkali balaa. Baba hajambo. Anakusalimu sana.

Simu yako nimeacha kuipiga, nimeshakubali kwamba kambini kwenu mtandao haufiki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi, kila kitu kiliwaka isipokuwa ile tableti ya Baba ya kitandani. Anabonyeza kiboksi cha "Nipe maji", haitoki sauti. Anabonyeza "Nani huyo mlangoni?", kimya. Inaandika tu kwamba haioni kompyuta ya sebuleni, na kompyuta ipo pale pale mezani, imewaka, nimeigusa ina joto. Mimi nilidhani ukisharekodi umerekodi, kumbe sauti zote zinakaa kwenye kompyuta na tableti inaziomba kila mara.

Waya, zile sauti ulizomrekodi Baba kabla daktari hajamtoa koromeo ndizo mdomo wake. Yule ni mtu aliyekuwa dalali wa mnada maisha yake yote, mtu aliyeweza kuuza kiti cha miguu mitatu kwa kuusifia ule mguu uliokosekana. Sasa amerudia kibao na chaki. Akiniita anagonga kikombe kwa kijiko, nami nikiwa kwenye cherehani sisikii, nikija namkuta kafura kwa hasira. Jana kaandika kibaoni: "Nimekuwa bubu mara mbili." Niliingia jikoni nikalia.

Nilimwita fundi wa duka la simu. Akaitazama kompyuta, akasema hii Linux ni ya watu wa ajabu, dawa yake ni kufuta kila kitu aweke mfumo wa watu wote. Nikamwuliza, na sauti za Baba je? Akanijibu, "Mama, si mtarekodi upya?" Nilimtoa na mkasi mkononi.

Kwa hiyo umebaki wewe. Najua fimbo ya mbali haiui nyoka, ila niandikie nifanye nini, na uandike kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, maana ndiye mimi. Na likizo yako ni lini? Mara hii usiniambie "tutaona".

Dada yako


30 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika na lori la mahitaji, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mimi mzima. Tunachimba usiku na mchana, nami nafunga taa na feni za hewa nyuma ya wachimbaji. Chakula ni kile kile. Pole na vidole, na pole na paka.

Tatizo hilo dogo. Kile kisanduku cha intaneti ndicho kinachogawa namba kwa kila chombo humo ndani. Umeme ulipokatika kilisahau, kikaipa kompyuta namba mpya. Tableti bado inagonga nyumba ya zamani. Kaa mbele ya kompyuta, fungua lile dirisha jeusi, andika hivi kisha ubonyeze Enter:

hostname -I

Itakupa namba zenye nukta katikati. Nenda kwenye tableti, penye anwani ya kompyuta, futa ya zamani uweke hiyo. Ikikataa bado, basi ile programu inayogawa mafaili, inaitwa Samba, itakuwa imelala. Iamshe:

sudo systemctl start smbd

Itakuomba neno la siri, lile nililokubandikia chini ya meza. Ukiliandika hutaona herufi zikitokea, usishtuke, inapokea. Na uwe mwangalifu ni start. Usije ukaandika stop, hapo utakuwa umemfunga Baba mdomo kwa mkono wako.

Likizo nilikuwa nitoke mwezi huu, ila mke wa mwenzangu kajifungua, nikamwachia nafasi. Tutaona mwezi wa nne.

Msalimie Baba. Msomee hii kama atapenda.

Waya


19 Februari

Waya wangu,

Marahaba. Imekubali! Namba ilikuwa imebadilika kama ulivyosema, mwisho palikuwa saba pakawa kumi na mbili. Nimeirudia mara tatu kwa kuogopa kukosea, kama natia uzi gizani. Unajua Baba alibonyeza nini kwanza? Si maji, si chakula. Alibonyeza kile cha "Wewe mtoto, hayo ni masikio au ni vishikio vya kikapu?" Nikacheka hadi nikakaa chini. Naye mabega yalikuwa yanaruka, anacheka bila sauti.

Nilimsomea barua yako. Nilipomaliza akazungusha kidole hewani: tena. Nikasoma tena. Akazungusha tena. Mara ya nne nikamwambia, Baba, nina sare za watu. Akaichukua, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe mpaka zile amri za kompyuta, kidole juu ya kila herufi. Kisha akaiweka chini ya mto.

Ana kikohozi kidogo, vumbi tu la kiangazi.

Mwezi wa nne umeuandika wewe mwenyewe, mimi sikukulazimisha. Nimeshamwambia.

Dada yako


6 Aprili

Waya,

Salamu nyingi. Nilikuandikia Februari, hukujibu. Machi nimepita posta hadi yule mama wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Mwezi wa nne ndio huu. Najua ukimya wako kwa kawaida maana yake uko salama na una uvivu, lakini Baba hajui hivyo. Kila nikirudi nyumbani ananitazama mikono.

Biashara inakwenda. Yule mteja mkali kachukua nguo zake na paka mmoja.

Kompyuta imenyamaza tena. Safari hii umeme haukukatika. Jumanne asubuhi Baba alizungumza vizuri, aliniuliza hata mlango wa nyuma nimefunga, na mchana nilipotoka kununua vifungo nikarudi nikamkuta anagonga kikombe. Nikasema basi nirudie ulivyonielekeza, ila barua yako siioni. Iliwekwa chini ya mto. Nimemwuliza Baba, akainua mabega. Nimetikisa godoro, nimeinua mkeka, haipo. Nilikariri ile ya namba, na namba ni ile ile, kumi na mbili. Ile ya kuamsha imenitoka kichwani, nakumbuka tu neno start. Niliandika start peke yake, kompyuta ikanikaripia.

Nisaidie upesi. Akiwa hana sauti, wageni wakija wanazungumza na mimi juu yake kama vile hayupo chumbani. Wananiuliza "amekula?" naye anawatazama usoni. Hilo linamuumiza kuliko koo.

Dada yako


19 Aprili

Dada, shikamoo, na nisamehe.

Nilikuwa nataka kujibu kila lori likija. Ukimaliza zamu unaketi kitandani uvue buti, unaamka ni asubuhi na buti liko mguuni. Hiyo siyo sababu, najua. Barua yako ilipoeleza Baba hasikiki, nimeandika siku hiyo hiyo.

Mimi mzima. Tumefika kwenye mwamba mgumu na kazi imekuwa ya pole pole. Wakubwa wamefuta likizo za mwezi huu.

Amri ni hii, iandike pia ukutani kwa kalamu nzito:

sudo systemctl start smbd

Nashangaa kwa nini imekufa yenyewe. Samba haifi ovyo. Au kuna mtu aliisimamisha bila kujua, labda ulipapasa huku na huku. Kuna kitu kingine pia, sikukuambia, kuna ukuta wa ulinzi unaoitwa ufw. Nimeufungulia mlango mmoja tu kwa ajili ya tableti ya Baba. Huo usiuguse kabisa. Mtu akiandika sudo ufw deny samba, programu itaonekana nzima, namba sawa, kila kitu sawa, na tableti haitapata hata neno moja. Hapo hata fundi mzuri anakesha.

Kikohozi cha Baba kimepona? Mwambie leo tulipofunga taa mpya, mwangwi wa humu ndani ulinikumbusha yeye mnadani akitangaza mara ya kwanza, mara ya pili. Ningempa handaki hili apige kelele mara moja tu.

Waya


14 Mei

Waya mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imemfurahisha Baba kupita kiasi, hasa hiyo ya handaki. Alinifanya nisome kipande hicho mpaka nikakijua kwa moyo. Nilipowasha programu akabonyeza ule mnada wote, "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Limekwenda!", majirani wakachungulia dirishani wakidhani amepona.

Chakula hali sana siku hizi. Nampondea kila kitu. Anasema meno. Nakuandikia tu ujue.

Sasa usinikasirikie. Imekwama tena. Amri ya ukutani nimeiandika, kompyuta inajibu kwamba programu iko hai na inafanya kazi. Namba kumi na mbili. Tableti inazunguka, inazunguka, kisha inakata tamaa. Ni vile vile ulivyosema, kila kitu sawa na hakuna neno. Nadhani ni huo ukuta wako, ila wallahi sikuugusa, hata sijui uko upande gani. Na hukuniandikia dawa yake.

Barua yako ya pili nayo Baba ameitia chini ya mto. Nimeinakili amri kwanza, safari hii nimejifunza.

Dada yako


30 Mei

Dada, shikamoo.

Dawa ni hii:

sudo ufw allow samba

Lakini Dada, tuseme ukweli. Ukuta haujifungi. Kuna mtu anashika hiyo kompyuta. Kama ulimwita tena yule fundi wa simu niambie, sitakugombeza. Kama ni wewe unajaribu jaribu, acha. Miezi hii yote naandika jambo moja tu, usiguse, na kila nikiandika usiguse kinaguswa hicho hicho. Kilichobaki sasa ni ruhusa za folda yenyewe ya sauti. Nakuomba mara ya mwisho, huko asiende mtu. Akiandika sudo chmod 000 /srv/sauti, folda itamfungia kila anayetaka kusikiliza, na mimi niko huku sina cha kufanya.

Samahani kwa ukali. Sijalala vizuri.

Umekuwa ukiuliza likizo tangu Januari. Wamefungua tena, na sijaandikisha jina. Nimekuwa nikikupa sababu, ngoja leo niache. Naogopa, Dada. Siku natoka hospitalini kuja huku, Baba alikuwa amelala na bandeji shingoni, akafungua macho akaniona, akafungua mdomo aniambie kitu. Hakuna kilichotoka. Akafunga mdomo, akatazama ukuta. Mimi ninazo sauti zake zote kichwani, nilizirekodi moja moja, naye nikimwona tena naona ule mdomo. Kule kwenye kompyuta anaongea. Naomba iendelee kufanya kazi, hilo ndilo naweza kumfanyia.

Usimsomee kipande hiki.

Waya


27 Juni

Waya,

Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima, paka mzima.

Barua yako ilinichoma. Nilishona siku nzima nikikujibu kimoyomoyo, majibu mengine siyo ya kuandika. Mimi niguse kompyuta? Mimi ninayeomba radhi kabla ya kubonyeza Enter? Ile dawa ya ukuta ilifanya kazi, Baba akaongea, nikasema alhamdulillahi, na wewe ukanyamaza wiki zote hizi, na nikaona sawa, kakasirika.

Juzi nilipeleka sare shuleni. Mhasibu hakuwepo, nikarudi mapema. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikasikia tak, kisha kimya, kisha tak. Nikadhani panya. Nikaenda sebuleni.

Baba alikuwa kwenye kiti mbele ya kompyuta. Baba, ambaye kwenda msalani lazima nimshike kwapa! Alikuwa amejivuta kwa ukuta peke yake, kavaa miwani, barua zako zote tatu kaziegemeza kwenye kioo, ya kwanza iliyopotea ikiwa mbele, na anaandika kwa kidole kimoja. Tak. Niliposogea nikasoma. Ilikuwa ni ile uliyotukataza, chmod na sifuri zake, herufi kwa herufi, haijakosewa hata nukta.

Nikasema, "Baba! Unafanya nini?"

Akashtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akanitazama. Nami nikadhani ataacha. Akanitazama vizuri, Waya, kisha akabonyeza Enter.

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nikamwuliza anajua tumehangaika kiasi gani, anajua mdogo wangu hanielewi tena kwa sababu yake? Akanionyesha kibao nimpe. Akaandika: "Ikifanya kazi, haandiki."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: "Sauti yangu naikumbuka. Yake inanipotea."

Basi nikarudi nyuma nikahesabu, na ni kweli. Ya Januari ilikuwa umeme. Baada ya hapo wewe ulisema usije ukaandika stop, akaandika stop. Ukasema usiuguse ukuta, akaugusa. Ulikuwa unamfundisha mwenyewe, na kila akifunga mdomo wake barua yako inakuja upesi, ndefu, na kuna handaki ndani yake. Ikitengenezwa, unatoweka. Mzee kachagua. Alikuwa anakaa bubu, anavumilia wageni wakimzungumzia juu ya kichwa chake, ili posta iwe na kitu.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, kikohozi siyo vumbi. Daktari alituambia tangu Machi. Ugonjwa umerudi, umeshuka mapafuni. Baba alinikataza nisikuandikie, alisema ukija uje kwa kutaka, siyo kwa kuitwa na jeneza. Nimemtii mpaka nimechoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sitaki kilio kikufikie kabla yangu.

Kile kipande ulichosema nisimsomee, sikumsomea. Lakini barua alikuwa nayo mwenyewe.

Njoo.

Dada


12 Julai

Baba, shikamoo.

Barua hii ni yako. Dada anaweza kuisoma kwa sauti ila asiongeze maneno yake.

Nimesoma aliyoniandikia nikiwa nimekaa juu ya rundo la nyaya, na wenzangu wakaniuliza kama kuna msiba. Nikawaambia hapana, baba yangu ameijua Linux. Wakacheka. Mimi sikuweza kuwaeleza zaidi.

Nisamehe. Niliona nikikuachia zile sauti nimekulipa, nikaondoka zangu. Sikufikiri kwamba wewe unazisikia kila siku na mimi hunisikii. Nimekuwa nikiandika habari za kompyuta kwa sababu ni rahisi, inaharibika na inatengenezeka. Ulipofungua mdomo siku ile hospitalini ulitaka kuniambia nini? Nimejiuliza kila usiku. Uniandikie kibaoni nikija.

Irudishe folda hivi, wewe mwenyewe, Dada asiiguse:

sudo chmod 755 /srv/sauti

Sauti zote zitakuwa zipo, hukuharibu kitu, ulifunga tu mlango. Na kwa kuwa naona u fundi, nakufundisha nyingine ambayo Dada hawezi kuigundua hata akikesha. Badilisha jina la folda:

sudo mv /srv/sauti /srv/kimya

Tableti itaitafuta sauti na haitaiona. Ukinitaka, fanya hivyo tu. Lakini huna haja tena, nitaandika kila lori linaposhuka, hata kama sina la kusema. Nimeandikisha jina. Natoka mwisho wa Agosti, wa kwanza kwenye orodha, na mke wa mtu ajifungue mapacha sitamwachia nafasi.

Mwanao,
Waya


4 Oktoba

Waya mdogo wangu,

Nimengoja uandike, nikaona nianze mimi. Huku mvua za kwanza zimeanza. Ninashona mapazia ya ofisi fulani, kazi ya kuchosha lakini haihitaji akili, na siku hizi nazipenda kazi za namna hiyo.

Ofisi ya kampuni yenu waliniambia ujumbe wa redio ulikufikia siku ile ile ya Agosti. Waliniambia pia kwamba ulipewa ruhusa uteremke mara moja, na ukawaambia sasa haraka ya nini, ukaingia handakini na zamu yako. Sikulaumu. Nilikulaumu, nikachoka, nimeacha. Mazishi tuliyafanya vizuri. Madalali wote wa mnadani walikuja, watu wazima wenye sauti kubwa, na hakuna aliyejua kuzungumza taratibu, hata pole wananipa kwa kelele.

Hukuwepo, kwa hiyo nikuambie ambayo hukuyaona.

Barua yako aliipata. Alinisikiliza nikiisoma, na nilipofika penye "baba yangu ameijua Linux" alinizuia kwa mkono, nikarudia. Alitaka kuinuka aende kwenye kompyuta, miguu ikakataa. Nikabeba kompyuta, waya zake zote zikiburuta, nikaiweka kitandani juu ya magoti yake. Akaandika amri yako mwenyewe. Tableti ikafunguka. Mchana ule alibonyeza viboksi vyote, hata vile ambavyo hakuwahi kuvitumia. Akanigombeza, akanisifu, akauza viti, akauliza kama mvua imeanza. Nilimwambia, Baba, punguza, nina wateja. Akaongeza sauti.

Nikamwuliza kwa utani, ile ya kubadilisha jina la folda utaifanya lini? Akaandika kibaoni: "Sasa anaandika." Na kweli uliandika. Barua mbili zilifuata, ile ya mwamba uliopasuka na ile ya mpishi wenu mwongo. Hakuigusa kompyuta tena.

Uliuliza siku ile hospitalini alitaka kusema nini. Nilimwuliza kwa ajili yako, sikutaka lisubiri. Alifikiri sana. Akaandika: "Nilitaka kumwambia ale kwanza, njia ni ndefu."

Ni hilo tu, Waya. Umeliogopa muda wote huo.

Alikwenda asubuhi, mimi nikiwa napasha maji. Sikusikia kitu.

Sasa nikuambie jambo la kijinga. Kila siku kabla sijakaa kwenye cherehani naijaribu tableti yake. Namba kumi na mbili. Programu iko hai. Ukuta uko wazi, folda iko wazi. Nabonyeza kiboksi kimoja, nasikia, nazima. Mwaka huu Baba akiwepo haikukaa hata miezi miwili bila kukwama, sasa haina hata kikohozi, na nikiikuta nzima najua tena kwamba hayupo.

Juzi nilikaa mbele yake nikalifungua lile dirisha jeusi. Nikaandika sudo systemctl stop smbd. Nilitaka kukuandikia kwamba imeharibika, maana najua ukiambiwa imeharibika unajibu siku hiyo hiyo. Kidole kikafika kwenye Enter. Kikakataa. Mimi si Baba, sina ushujaa huo wa kumnyamazisha. Nikafuta herufi moja moja.

Mashine ni nzima, mdogo wangu. Niandikie tu.

Dada yako